Ingia Ndani, Mpenzi

4 Februari

Baba Nukta,

Kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Kama uko mtaroni, toka, vua glovu, tafuta pa kukaa. Mtoto amesema.

Sizungumzii ile "mmm" yake ya kutaka maji, wala kunivuta mkono mpaka kwenye jagi. Amesema sentensi nzima. Jana jioni nilikuwa nakunja nguo, yeye yuko sakafuni anapanga vifuniko vyake vya chupa, kimoja baada ya kingine mpaka uvunguni mwa kitanda. Mara akainuka, akafungua kabati, akasema, "Haya, ingia ndani, mpenzi. Tutafungua baadaye." Akamwingiza mwanasesere wake, akafunga, akarudi kwenye vifuniko.

Nilibaki na shati lako mkononi. Tangu daktari alipotutajia neno usonji nimekuwa nikiomba aseme "mama" tu, basi. Sasa kaniruka mimi, kakuruka na wewe, kaenda moja kwa moja kwenye maongezi ya watu wazima. Nilimpigia dada yangu simu nikashindwa kutoa neno, akadhani kuna msiba.

Kitu kimoja tu kimenitatiza. Sauti haikuwa ya kitoto. Ilikuwa ya mwanamke mzima, laini, inavutavuta ile "mpenzi" mwishoni. Sijui kaiokota wapi, labda redioni. Daktari alishatueleza kwamba watoto wa namna hii wengine huanza kwa kurudia walichosikia, neno kwa neno na sauti kwa sauti, hata baada ya siku nyingi.

Chekechea mambo ni mazuri. Kila nikienda kumchukua, mwalimu wake ananiambia, "Leo katulia kabisa, hata hatukumsikia." Nami narudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa.

Barua zako namsomea kwa sauti, hata kama hanitazami. Kwa hiyo andika ukijua kwamba mko wawili mnaosomewa, mimi na yeye.

Mkeo,
Mama Nukta


15 Februari

Mama Nukta,

Barua yako imekuja na lori la vifaa, na sikukutii, nimeisoma nimesimama. Nikairudia nimekaa. Mchomeleaji mwenzangu, yule mzee tunayemwita Babu Cheche, akaniuliza nani kafa. Nikamjibu hakuna aliyekufa, binti yangu ameongea. Mpaka kufika chakula cha jioni kambi nzima ilikuwa inajua, na mpishi, mchoyo yule unayemjua kwa hadithi zangu, akanipakulia nyama mara mbili.

Kuna jambo nimefanya, usinicheke. Lile bomba tulilokuwa tunaliunga siku hiyo, kabla halijashushwa mtaroni nilichukua chaki yetu ya alama nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: INGIA NDANI MPENZI. TUTAFUNGUA BAADAYE. Msimamizi akauliza hiyo alama ni ya nini. Nikamwambia naongea na maji. Akacheka mpaka akashika kiuno, wakalishusha, wakafukia. Sasa maneno ya mwanangu yako chini ya ardhi, na siku tutakayofungua maji yatapita humo humo.

Na umeona alivyo mkarimu? Watoto wa wenzetu wanaanza na "nipe", wetu kaanza kwa kukaribisha watu ndani.

Likizo yangu ilikuwa iangukie mwezi huu, lakini msimamizi ameomba wanaoweza kuendelea waendelee. Nimekubali. Utanielewa, ni mambo ya kazi tu.

Sasa niambie kitu kimoja. Kwa sauti yangu hajasema lolote? Nilipokuja mara ya mwisho niliongea sana humo ndani, haiwezekani asibaki na hata neno. Tega sikio vizuri.

Mumeo,
Baba Nukta


27 Februari

Baba Nukta,

Sijui nianzie wapi.

Ziliongezeka sentensi. Mwanzoni niliziandika kwenye kalenda ya ukutani kwa furaha. "Kaa na magodoro, magodoro hayaumi." Nikasema labda ni mchezo wao. "Wageni wakiondoka nitakutoa." Hapo nikaacha kuandika. Halafu Jumapili, namsuka nywele, akasema kwa sauti ile ile laini: "Wewe ndiye mtoto wangu mzuri. Huna maneno."

Kitana kikanidondoka. Wewe unajua kazi yangu. Siku nzima nakaa kwenye mapokezi ya simu pale hospitalini, watu siwaoni, nawajua kwa sauti tu. Jumatatu asubuhi nikiwa getini kwa chekechea nilimsikia mwalimu wake akimwita mtoto mwingine, "Njoo, mpenzi." Akaivuta mwishoni. Sauti ilikuwa ile ile.

Kazini niliomba ruhusa, nikarudi pale mchana huo huo badala ya saa ya kuchukua watoto. Mlinzi akanizuia, "Mama, leo kuna wakaguzi, subiri nje." Nikampita. Sikuingia kwa mbele, nilizunguka upande wa jikoni. Darasani watoto walikuwa wanaimba, wamevalishwa tai za karatasi kwa ajili ya wageni. Ukutani mwa darasa hilo hilo, kwa nyuma, kuna stoo wanapoweka magodoro ya watoto kulalia mchana. Mlango una komeo, na komeo liko nje.

Nikalivuta.

Alikuwa amekaa katikati ya magodoro yaliyopangwa mpaka karibu na dari. Mwanga ulikuwa unaingia kwa kitundu cha juu tu. Hakuwa analia. Alikuwa ananyofoa sponji kwenye godoro lililochanika, vipande vidogo vidogo, kavipanga kufuata ukuta mpaka mlangoni, na vilikuwa vingi, kwa hiyo haikuwa kazi ya siku moja. Na midomo yake ilikuwa inafuata ule wimbo wa upande wa pili. Wenzake wakipiga makofi, naye anapiga, pale pale panapotakiwa. Mwanangu anaujua wimbo wote, Baba Nukta. Kajifunzia ukutani.

Hakuniangalia. Akasema, "Bado, mpenzi. Bado wageni wapo."

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele shule nzima isikie. Badala yake nilimbeba nikatoka naye kwa mlango wa jikoni, na mlinzi aliponiona akageukia barabarani akajifanya anahesabu magari. Nimefika nyumbani, nimekaa, na mpaka sasa sijavua viatu.

Yale maandishi uliyoandika kwenye bomba, kama yanafutika, yafute.

Swali lako la sauti yako tuliache kwanza, kichwa changu hakipo.

Mama Nukta


2 Machi

Kwa Mwalimu Mkuu,

Mimi ni mzazi wa mtoto anayeitwa Nukta, darasa la wadogo. Tarehe ishirini na saba Februari nilimkuta mwanangu amefungiwa kwenye stoo ya magodoro kwa komeo la nje wakati wenzake wako darasani na wakaguzi. Kwa maneno anayoyarudia nyumbani, haikuwa mara ya kwanza, na kila wageni wanapokuja hufichwa humo.

Sikuandikii ili nimtoe. Nilipomleta nilikueleza kwamba ana usonji, kwamba mlio wa kengele unamuumiza, na kwamba akizidiwa anahitaji mtu wa kukaa karibu naye mpaka atulie. Ulitikisa kichwa ukaniambia hapa ni nyumbani kwake. Nataka mambo manne: komeo litolewe, akae darasani hata wakiwepo wageni, apatikane msaidizi wa darasa, na hiyo kengele itafutiwe njia nyingine. Naomba pia niitwe mbele ya kamati ya wazazi.

Mama Nukta


6 Machi

Mzazi wetu mpendwa,

Nimepokea barua yako na nimeumia kwa jinsi ulivyoumia. Naomba nikutoe wasiwasi. Mahali unapopaita stoo sisi tunapatumia kama chumba cha utulivu, na mtoto wako hupapenda sana, ndiyo maana hukukuta analia. Mlango hurudishiwa kwa usalama wake mwenyewe.

Kuhusu maneno unayosema ameyasema, nina ugumu kidogo. Siku ya kumwandikisha ulitueleza kwa kinywa chako kwamba mtoto haongei. Sasa mtoto asiyeongea anatoaje ushahidi? Tuwe wakweli sisi kwa sisi, mzazi. Huyu mtoto haelewi kinachoendelea, na kumtegemea kama shahidi ni kumwonea yeye na kumwonea mwalimu wake.

Kwa moyo wa upendo nakushauri umtafutie mahali panapomfaa zaidi, kwani muhula ujao, kwa bahati mbaya, nafasi zetu zimejaa. Kikao cha kamati ni Jumamosi ijayo, karibu sana.

Mwalimu Mkuu


8 Machi

Mama Nukta,

Nimesoma barua yako ya stoo. Babu Cheche aliichukua mkononi mwangu akaisoma, akanirudishia.

Nilichukua sepetu nikaenda kule tulikofukia. Sikupajua. Wameshapitisha greda, ardhi yote imelala sawa. Nilitembea huku na huku natafuta mahali pa kuchimba mpaka msimamizi akaja kunishika bega. Yaani maneno ya kumfungia mwanangu mlango nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nikayaonyesha watu, nikala nyama juu yake. Nikikumbuka naona haya mpaka nguo zinanibana.

Mtoe hapo. Usirudi kwa watu hao hata kuaga. Akae nyumbani na mama yangu, si lazima kila mtoto aende chekechea. Naogopa, kama humo alikuwa kimya namna hiyo na sisi tunasifiwa kwamba katulia, ni nini kingine hatukijui?

Na safari hii usinipige chenga. Nimekuuliza kuhusu sauti yangu, umeruka kama hukuliona swali. Mimi nimesemaje?

Baba Nukta


18 Machi

Baba Nukta,

Sikumtoa, na nitakueleza kwa nini, ila unipe nafasi nimalize.

Mwalimu Mkuu alinijibu kwa barua tamu kama sharubati, akanishauri kwa upendo nimpeleke mtoto kwingine kwa sababu muhula ujao nafasi zimejaa. Nikajua nikikubali, komeo litabaki pale pale likimngoja mtoto wa mtu mwingine, na wetu atakuwa amefungiwa nyumbani badala ya stoo. Tofauti itakuwa ni kwamba wa kufunga tutakuwa sisi. Samahani kwa kulisema hivyo, lakini ndivyo nilivyoliona.

Kwa hiyo Jumamosi nilienda kwenye kikao, na nilienda naye. Sikuwa na mpango wowote, nilikosa tu mtu wa kumwachia. Nilimkalisha sakafuni karibu na kiti changu na mfuko wake wa vifuniko. Wazazi walikuwa wamejaa, wengine kwenye vile viti vya watoto, magoti kwenye videvu. Mwalimu wake alikaa pembeni, hakuinua uso.

Nikaeleza. Nilifika mwisho. Mwalimu Mkuu alinisikiliza kwa huruma yote, kisha akasimama, akakohoa kile kikohozi chake kidogo cha kutaka kusikilizwa, akawaambia wazazi kwamba mama ana uchungu, tumwelewe, ila mtoto mwenyewe mnamwona, haelewi hata tunachozungumza hapa.

Nukta hakuinua kichwa. Alikuwa anaweka kifuniko cha kijani. Akakohoa, kile kile kikohozi kidogo. Halafu akasema, kwa sauti ya Mwalimu Mkuu, na ule utulivu wake wote: "Mvumilie mpaka muhula uishe. Halafu tutamwambia mama yake nafasi zimejaa."

Baba Nukta, wazazi wote wakageuka kumtazama. Mimi mwenyewe hiyo sikuwahi kuisikia nyumbani. Barua ya nafasi kujaa nilikuwa nayo kwenye mkoba, sijamsomea mtu, hata yeye. Mwalimu Mkuu alinyoosha mkono kuchukua glasi ya maji, akaikosa. Mzazi mmoja muuza vipuri, baba wa mapacha, akauliza taratibu, "Hayo kayasikia wapi?" Akauliza tena.

Ndipo mwalimu wake akasema, bado kainamisha kichwa, "Mlangoni kwa stoo. Tulikuwa tumesimama hapo tunaongea, yeye yuko ndani. Tulidhani hasikii." Akaanza kulia. Akasema yuko peke yake na watoto wote wale, kengele ikilia Nukta anapiga mayowe na wenzake wanafuatia, akaomba msaidizi akaambiwa asubiri, akaambiwa wageni wasione fujo. Akasema, "Lakini nilikuwa nampenda. Hata kumfungia nilimfungia kwa upole." Nilitaka kumchukia nikashindwa, na nilishindwa pia kumhurumia. Nilikaa tu namtazama, kwa sababu sauti ilikuwa ni ile ile, na niliishi nayo wiki zote hizo nikidhani ni baraka.

Muuza vipuri hakungoja kura. Alitoka, akarudi na bisibisi kutoka kwenye gari lake, akaenda nyuma akang'oa komeo, kisha akaona haitoshi akang'oa na mlango kwenye bawaba zake. Mlango sasa umeegemezwa jikoni. Kamati imemsimamisha Mwalimu Mkuu mpaka hao wakaguzi warudi, safari hii kwa mwaliko wetu. Msaidizi ameanza Jumatatu. Kengele haipigwi tena kwa wadogo, mwalimu anainua kitambaa cha njano na watoto wanatulia kushindana nani kakiona mwanzo. Nukta alikaa darasani mpaka mchana. Wimbo ulipofika, alipiga makofi akiwa upande huu wa ukuta.

Sasa swali lako. Nimekuficha, na sikukuficha kwa ubaya.

Amesema kwa sauti yako. Alisema wiki ile ile ya kwanza, siku mbili baada ya "ingia ndani". Anachukua sufuria, anaigonga kwa kijiko, anatega sikio, halafu anasema: "Afadhali bomba. Bomba ukiligonga linajibu."

Unakumbuka ilikuwa lini. Ulikuwa mlangoni unafunga kamba za buti siku ya kuondoka, umemwita wee hakugeuka, ukaniambia mimi, juu ya kichwa chake. Mimi niliguna tu, kwa sababu nami nilidhani hasikii. Anaisema karibu kila siku. Kuna siku anagonga ukuta, kuna siku anagonga mguu wangu.

Usidhani najitoa lawamani. Juzi bafuni kajifungia, akasema kwa sauti yangu mimi, na kwikwi zangu za siku niliyojifungia humo kulia: "Mungu wangu, nipe dakika moja tu bila huyu." Nilikaa sakafuni nje ya mlango huo nikashindwa hata kubisha. Kila kitu tulichosema juu ya kichwa chake anacho. Tulikuwa tunaongea mbele yake kama tunavyoongea mbele ya meza.

Sikuandikii ili uumie. Uliuliza mara mbili, na nimechoka kuwa mtu wa kuficha.

Mama Nukta


29 Machi

Mama Nukta,

Barua yako nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuijibu.

Hukuwahi kuiona kazi yetu, kwa hiyo nikueleze. Kiungo kikishachomelewa na kupoa, tunakigonga kwa nyundo ndogo, tunasikiliza. Kilichoshika vizuri kinatoa mlio mmoja safi, kilicho na ufa kinatoa mlio mbovu. Ndipo nilipoyatoa yale maneno, nilidhani nimesema jambo la akili. Sasa nikiinua nyundo mkono unakataa. Babu Cheche ananigongea, na haulizi.

Likizo haikuwa mambo ya kazi. Msimamizi aliomba wanaotaka, na wa kwanza kunyoosha mkono nilikuwa mimi. Nilikuwa naogopa kuja kukaa mbele ya mtoto asiyegeuka nikimwita. Nilikuandikia umsikilize kama ana sauti yangu, na sikuwa nataka kingine, nilitaka kujua kama kwake mimi ni mtu. Kumbe alikuwa ananijibu kila siku, kwa sufuria na kijiko.

Ulifanya vizuri kutomtoa. Nilikosea kusema akae nyumbani, na uliponiambia kwamba wa kufunga tungekuwa sisi nilikasirika, halafu nikaona huna uongo. Yule muuza vipuri mpe salamu zangu, mwambie nikifika bawaba zilizobaki nitazikata mwenyewe kwa moto.

Nimeomba ruhusa na nimepewa. Babu Cheche atanishikia zamu. Usimwandae mtoto, usimfundishe neno la kunipokea, na asipogeuka usimgeuze.

Kuna sentensi nimekuwa naifanyia mazoezi mtaroni, polepole, ili nisiikosee. Ni fupi. Siiandiki hapa, kwa sababu barua zangu unamsomea, na nikiiandika ataipata kwa sauti yako. Kwa sauti yangu anayo ile moja tu.

Lori linashuka Alhamisi. Nitakaa naye sakafuni, kwenye vifuniko vyake, nimwambie, na kesho yake nitamwambia tena.

Baba Nukta